Kibao cha Ndege

Nyambura wangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naiona kutoka hapa nilipokaa: umeinama mbele ya nyumba ya cucu wako, mama wa baba yako, unamfungia sufuria zake kwa kamba ya mkonge, na kila ukikaza fundo unauma ulimi kama baba yako. Kesho lori ya shamba itawapeleka ninyi wawili mpaka stesheni ya Nakuru, na kutoka pale mtapanda treni kwenda rizavu, ile nchi waliyotengewa Wakikuyu, kwa watu wa baba yako wa huko ambao mimi sijawahi kuwaona hata mmoja. Memsabu amenipa ruhusa ya mchana huu. Nimekaa mlangoni, karatasi iko juu ya ubao wa kukatia mboga, na mvua ya Elburgon unaijua, inanitishia toka saa saba.

Asubuhi uliniletea kile kibao cha ndege. Mimi nilidhani nilikichoma pamoja na vingine. Ulikiweka magotini pangu ukaniambia maneno machache sana, na mimi nikakujibu, "Funga mzigo, cucu anangoja," nikatoka kwenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi. Lile halikuwa jibu. Nina jibu lako, lakini nikijaribu kulitoa kesho mbele ya lori nitalia, na wewe utalia, na nyapara atatupigia kelele. Kwa hiyo naandika. Soma ukifika. Kama kuna neno litakushinda, liruke, utalirudia ukiwa mkubwa.

Habari za kuoga, kusali, kutochezea moto, sitaandika. Cucu wako ataziimba toka Nakuru mpaka mnakokwenda, na sauti yake unaijua.

Mimi nataka kuanzia vile vibao vilipoanzia, maana wewe ulikuwa mdogo na unakumbuka nyimbo tu.

Shule yetu ya hapa shambani ilipofungwa, mlango ukapigiwa misumari, ulikuwa ndiyo kwanza umejua kuandika jina lako. Kila asubuhi ulikwenda kusimama mbele ya ule mlango ukachungulia kwenye tundu. Ukirudi nakuuliza, "Umeona nini?" Unasema, "Meza." Kesho tena, "Meza." Roho yangu iliuma. Mimi mwenyewe nilifika darasa la nne tu, halafu nikaitwa nyumbani kuchunga ndama, na ninajua vile mtu anabaki na mlango uliofungwa kichwani maisha yake yote.

Wakati huo nilikuwa aya, mlezi wa mtoto wa memsabu. Mtoto yule alikuwa na vitabu vya picha. Ndani kuna nyuki, kuna tone la mvua linasafiri, kuna mbegu chini ya udongo imekunja miguu kama mtoto tumboni. Maneno yalikuwa machache, na kila mstari unaishia kama mwenzake, hata mimi nisiyejua Kiingereza cha kutosha nilikuwa nasikia mlio wake ukigonga, ta-ta-ta-ta, na mtoto anarukaruka. Memsabu akisoma, mimi nasimama nyuma na nguo za kupiga pasi mkononi. Siku moja akageuka.

"Aya, wewe natazama nini?"

"Nyuki, memsabu."

"Hii nyuki ya kitabu tu. Haiwezi uma wewe."

Akacheka, na mimi nikacheka. Lakini niliona kitu pale. Mtoto yule baada ya kusomewa habari za nyuki alitoka mbio nje akaenda kulala kifudifudi kwenye maua, anatazama. Hakuna aliyemtuma. Wimbo ulikuwa umemshika shingo ukamgeuzia macho huko. Nikasema moyoni, Nyambura wangu naye atageuziwa macho.

Karatasi sikuwa nayo. Baba yako akasema kiwandani kuna mbao. Kila jioni akitoka kupasua magogo alikuja na vipande vyembamba vilivyotupwa, akavipiga randa hapa mlangoni, akatoboa matundu mawili kila kimoja, tukavifunga kwa kamba vikawa kitabu. Rangi nyeusi nilitengeneza kwa masizi ya taa na ute wa yai. Ya buluu ni ile ya kufulia nguo za memsabu. Nyekundu alileta baba yako, ile wanayotilia alama magogo. Maneno yalikuwa ya Kiswahili, maana mimi ni Mkipsigis na baba yako ni Mkikuyu, na lugha ya nyumba yetu ni hii tuliyookota kambini, ambayo si ya babu wa mtu yeyote.

"Kitabu chako kizito, mwalimu," baba yako akaniambia. "Mtoto akisoma sana ataota misuli."

Naliandika neno lile, mwalimu, na hata leo linanipasha moto mashavu. Alianza yeye kwa utani. Kisha wanawake wa laini, hizi nyumba zetu za wafanyakazi, wakalishika. Mama Atieno, jirani yetu, ndiye aliyekuwa akinichokoza zaidi: "Mwalimu Raeli, watoto wako wanasalimiana na viwavi, sisi wenzako tunaviua!" Lakini Jumapili alileta watoto wake wote wasikilize, na yeye akakaa nyuma akijifanya anachambua mboga.

Unakumbuka kibao cha maji?

Maji yakichemka, moshi huinuka,
ukikuta baridi, maji hugeuka.

Ulishika sahani ya bati juu ya sufuria ukaungua vidole, lakini ulinionyesha matone chini ya sahani kana kwamba ni mayai umeyatoa kwenye kiota. Na kile cha kivuli:

Asubuhi kirefu, mchana kifupi,
jioni kirefu tena: kilikuwa wapi?

Njoroge alikuwa hajui kusoma, alikuwa ndiyo kwanza anakimbia bila kuanguka, naye alishinda akikanyaga kivuli chake akikiambia, "Toka! Toka!" Mdogo wako. Nimeliandika jina lake.

Na cha kiwavi, ambacho ningepaswa kukisikiliza vizuri zaidi.

Kiwavi kalala ndani ya shuka,
usimsumbue, kesho ataruka.

Ulimtafuta kiwavi wako kwenye kabichi za memsabu, ukamweka kwenye kopo, akajifunga. Kesho yake ukaja umenuna.

"Mama, umesema kesho."

"Nini?"

"Ataruka kesho. Hajaruka."

"Hiyo ni kesho ya wimbo, Nyambura."

"Kesho ya wimbo ni lini?"

Baba yako alicheka mpaka akashika ukuta. "Mjibu, mwalimu. Kesho ya wimbo ni lini?" Wewe hukucheka. Ulichukua mkaa ukaanza kupiga mstari ukutani, kila asubuhi mmoja, na mistari ikawa mingi, na siku kipepeo alipotoka ulikuja kuniita nikiwa na unga mikononi, na ukaniambia kwa upole, kama mtu anayemwambia mgonjwa habari, "Mama, si kesho. Ni hii yote." Mistari ile bado iko pale karibu na kitanda chako. Sijapaka ukuta.

Hapo ndipo ningejifunza. Mtoto wangu mwenyewe alinionyesha kwamba mstari unaweza kulingana vizuri mdomoni na nje ukawa si hivyo. Lakini mimi nilifurahia kwamba umehesabu, nikajisifu kwa watu. Sikufikiria mwingine ambaye hatahesabu. Sikufikiria Njoroge, ambaye kila nilichoimba alikimeza kama uji.

Sasa kibao cha ndege.

Wewe na watoto wa laini mlikuwa mkizurura ukingoni mwa msitu, na mnaweka kila kitu mdomoni. Niliogopa. Nikataka kibao cha kuwaonya. Mama yangu mimi, kule kwetu upande wa Keringet, alituambia tukiwa wadogo, tunda usilolijua leta kwa mkubwa kwanza. Hilo ndilo neno lenyewe, na ndilo nililokuwa nalo. Nikaanza, "Tunda usilolijua, mwanangu mpe mkubwa," na hapo nikakwama. Nilitafuta mwenzake wa kulingana nao siku nzima nikipiga pasi, sikuupata. Kisha ukanijia mwingine wenyewe, mtamu kama sukari guru, na nikaukimbilia:

Tunda usilolijua, mwanangu usimege,
mpaka uone kwanza ameshaonja ndege.

Si kwamba niliutunga hewani tu. Watu wengi husema hivyo. Ukikuta tunda msituni na ndege amelidonoa, basi ni salama. Lakini mimi nilikuwa na neno la mama yangu mkononi, nikalitupa kwa sababu halikuwa na mwisho mzuri. Nikachora ndege, nikachora tawi, na matunda nikayapaka ile rangi ya magogo. Yalikuwa mekundu kuliko kitu chochote katika kitabu kizima. Nilijivunia wekundu ule, Nyambura.

Baba yako alikisoma mara mbili. Akasema, "Hii ya ndege, una hakika?"

Nikakasirika. Nilimwambia, "Ni wimbo wa watoto. Wewe pasua mbao zako." Akainua mikono kama mtu aliyeshikiwa bunduki, akatoboa matundu.

Ukichukua neno moja katika barua hii, ningependa uchukue hili: mtu anayekupenda akikuuliza kama una hakika, usimwone adui. Amekuona umebeba kitu kizito na anataka kushika upande mmoja. Mimi niliusukuma mkono wake.

Haukupita muda baba yako akachukuliwa na askari wa serikali. Ulikuwepo, ulikuwa umenishika kanga. Walipangwa mstari pale kiwandani, na mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho akapita mbele yao, akifika kwa mwingine anatikisa kichwa, akifika kwa mwingine anapita. Kwa baba yako alitikisa. Sijui ni nani, sijui alijua nini, sijui kama alikuwa na hakika. Kichwa kimoja, basi. Mpaka leo hatujui amefungwa kambi gani.

Baada ya hapo nilianza kushinda kwa memsabu toka asubuhi mpaka giza, na wewe ndiye uliyekuwa mama wa Njoroge. Mtoto unayelea mtoto. Ulimpa uji, ukampangusa kamasi, na akimlilia baba ulimsomea vibao. Alikuwa anachagua mwenyewe. "Soma ya ndege!" Kila siku ya ndege, kwa sababu ya ule wekundu. Na meno yake yale, unakumbuka, yalipotimia alidhani ni mali. Aliuma kijiko, akauma kidole cha nyapara, akauma pembe ya kibao mpaka alama zikabaki. Cucu wako alisema huyu atakuwa fisi.

Siku yenyewe mimi sikuwepo, kwa hiyo najua ulichoniambia tu. Mlikuwa nyuma ya kisima, chini ya ule mti wenye vitunda vyekundu. Ndege walikuwa wanakula. Njoroge akasema, "Ndege ameonja." Wewe ulikuwa unateka maji. Ulipogeuka alikuwa anatafuna.

Waliponiita nilikuta tumbo limemkaza, macho yanatazama mbali. Gari ya shamba ilipopatikana hakuwa na haja nayo tena.

Sasa naandika lile ambalo wewe unalijua, na watu wote wa laini wanalijua, lakini mimi sijawahi kulitaja toka siku ile. Watu walikuwa wamejaa nyumbani. Nami nikakugeukia mbele yao wote nikakuuliza, "Nani alimsomea kile kibao?"

Nilijua nani. Kila mtu alijua nani. Lile halikuwa swali, lilikuwa rungu lililovikwa nguo za swali. Ulijibu, "Mimi, mama," kwa sauti ndogo, kwa sababu siku zote nilikufundisha kwamba swali linajibiwa. Mama Atieno akasema, "Raeli, wacha! Huyo pia ni mtoto!" Nami sikuacha, nilikutazama tu mpaka ukatoka nje.

Toka siku hiyo hukuuliza tena kitu. Wewe uliyekuwa unaniuliza mpaka naziba masikio: kwa nini moshi hauingii chini, kwa nini jongoo hajikanyagi. Nilichoma vibao kuchemshia chai ya waliokuja kutupa pole. Vilishika moto vizuri sana, mbao kavu. Nilikuona umesimama pembeni na sikukuita.

Katekista alikuja akasema maneno yake. Yalikuwa mazuri, yamepangwa, yamelingana, na watu wakaitikia. Mimi nilikaa nikayasikia yanapita juu ya kichwa changu kama ndege wasio na pa kutua. Siyabezi. Ila tangu wakati ule neno likiwa tamu sana naligeuza nione chini yake kuna nini. Watu wa serikali wakija na gari lenye spika kutuambia yale wanayotuambia, naligeuza. Vijana wa msituni wakija kwa siri na nyimbo zao, naligeuza vilevile. Imenichosha. Ni afadhali kuliko kumeza.

Halafu ukaanza kwenda kwenye ule mti. Kila ukimaliza kazi, ulipotea. Siku niliyokufuata nilikukuta umekaa chini yake, umeinua uso, mdomo wazi kidogo. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri unataka kumfuata. Nilikuvuta mkono mpaka ukapiga kelele, nikakuburuta nyumbani, na hukuniambia ulichokuwa unafanya, na mimi sikuuliza. Sikuwa tena mtu wa kuuliza. Nilipomwomba nyapara atume mtu aukate, wewe ulisema, "Bado, mama." Neno la kwanza baada ya siku nyingi, na sikulielewa. Ulisema bado na mti wenyewe ulikuwa umeniulia mtoto. Lakini shoka likasahauliwa, mti ukabaki.

Kisha ikaja hii amri ya kuwarudisha watu rizavu. Nilikwenda mwenyewe kwa nyapara.

"Karatasi inasema watu wawili," akaniambia. "Ajuza na mtoto."

"Na mimi?"

"Wewe si wao. Kazi yako iko."

"Mtoto ni wangu."

"Mtoto ni wa baba. Baba ni Mkikuyu. Imekwisha."

"Kwani mimi nilizaa nini, kivuli?"

Akacheka kidogo, hata si kwa ubaya. "Mama, usinitungie mashairi. Mimi nabeba karatasi tu."

Nimekwenda kwa memsabu akasema pole, aya, hii si kazi ya mimi. Nimekwenda kwa karani mpaka ofisini, nimesimama mpaka miguu ikavimba. Sina mlango mwingine. Nataka ujue hilo, usije siku moja ukafikiri nilikuacha uende kwa sababu ya neno lile nililokuuliza mbele ya watu. Ningekuficha chini ya sakafu kama ningekuwa na sakafu.

Na baba yako hajui kitu. Huko aliko, kama yuko, bado ana watoto wawili nyumbani na mke anayejidai. Akirudi atanikuta mimi na kaburi, na itabidi nimwambie kwamba aliniuliza kama nina hakika. Ndiyo maana hata wangeniruhusu sijui kama ningeweza kuondoka. Lazima abaki mtu wa kumwambia.

Sitakudanganya kwamba tutaonana karibuni. Ningeweza kukutungia mstari wa hilo, na ungekuwa mzuri, na ungelala nao usiku. Sitaki tena. Sijui kama tutaonana, Nyambura. Natamani hivyo kuliko ninavyotamani hewa, na sijui.

Sasa ya leo asubuhi.

Ulikiweka kibao magotini. Ulikuwa umekificha ndani ya blanketi lako muda wote huo. Ukasema, "Mama, hii si kweli. Nimeangalia."

Nikasema, "Umeangalia nini?"

"Ndege. Anameza. Hatafuni. Mbegu inatoka nyuma ikiwa nzima, niliikuta chini, iko vilevile, ngumu." Ukanionyesha, ulikuwa nayo kwenye pindo la nguo. "Nimeipasua kwa jiwe, ndani ina maji meupe, chungu, imeniwasha kidole. Ndege hana meno, mama." Halafu ukatazama ile pembe ya kibao. "Njoroge alikuwa nayo."

Nami nikasema funga mzigo.

Hili hapa jibu langu. Kwanza, ndiyo. Umeona sawa. Sina mwalimu wa kumuuliza athibitishe, lakini ulikaa, ukatazama, ukaokota, ukapasua, na hukusema mpaka umeona. Kimya chako chote kile nilichokiogopa, kumbe ulikuwa unauliza, ila hukuwa unaniuliza mimi. Ulikuwa na haki. Nilikuwa nimevunjika, sikuwa tena mtu wa kuulizwa.

Pili, wewe ulisoma kilichoandikwa. Msomaji hana kosa kwa kusoma. Aliyeandika ni mimi, na nilikuwa na neno la kweli mkononi nikaliweka chini. Hilo ni langu, ni zito, na utaliacha hapa Elburgon. Usilipakie kwenye treni. Karatasi ya nyapara inasema watu wawili, ajuza na mtoto. Haisemi mzigo wa mama.

Huko uendako sijui kama kuna shule. Sijui kama wataruhusu msichana akae chini ya mti akitazama juu. Watasema umerogwa, au mvivu. Cucu wako, ambaye jina lake ndilo lako, atakulinda anavyoweza, lakini naye amechoka. Sina cha kukupa dhidi ya hayo. Nilikuwa na kitabu, na unajua kilikokwenda.

Nimekaa na hiki kibao mchana wote, toka nilipoanza barua mpaka sasa mvua inaanza kweli. Nimechukua kipande cha chupa nikakwangua maneno yangu yote, mpaka ubao ukawa mweupe. Ndege nimemwacha, ndege hana kosa. Kisha nikatafuta mistari mipya ya kukuandikia, iliyo kweli na inayolingana, ili ukiwa na watoto wako uwasomee. Sikupata. Nimejaribu kila mwisho ninaoujua. Basi nimeandika yale uliyosema wewe, kama ulivyoyasema:

Ndege hana meno.
Njoroge alikuwa nayo.

Hayalingani vizuri na hayaimbiki. Yaache hivyo. Nitakiweka katikati ya blanketi zako kesho kabla lori haijaja, na ukifika, hata ukitaka kukipiga randa kiwe laini, ile pembe usiiguse. Ile ni yake, ameiandika mwenyewe.

Umemaliza kufunga sufuria, nakuona unanyoosha mgongo. Unatazama huku. Nafunga hapa, nije nikushike kabla hujaanza kulowa.

Mama yako,
Raeli